Lakiri ya Kikapu cha Bi Mashavu

"Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hii ni marufuku intaneti kuvuka kichochoro bila ya kibali, iwe kwa waya, kwa hewa, au kwa chombo chochote cha ususi."

Tangazo hili, lenye mihuri mitatu, lilitungwa na Bwana Wakil Ubwa, Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Uvushaji wa Intaneti Vichochoroni. Hilo neno Kaimu lilikuwa limemganda mwaka wa saba sasa, kama kupe. Wenzake walioanza naye ukaimu walikwishakuwa wakuu kamili, wana viti vya kuzunguka. Cha kwake kilikuwa hakizunguki, na roho ilimuuma. Alikuwa na haja ya jambo moja kubwa la kuionyesha Bodi ya Vyeo. Mungu si Athumani, jambo lenyewe akalikuta chini ya dirisha la ofisi yake.

Ukuta kwa ukuta na Kitengo palikuwa na karakana ya fundi Machano, mchonga milango. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kichochoro, hatua tatu tu. Intaneti ilikuwa nyumbani, ghorofani, na kuta zile za mawe ni nene, hazipitishi hata umbea. Simu nazo humo kichochoroni hazishiki kitu. Na mteja wa Machano, aliyeko Maskati, alitaka auone mlango wake ukichongwa kila siku, ua kwa ua, la sivyo angetafuta fundi mwengine. Basi kila asubuhi mke wa fundi, Bi Mashavu, huitia ruta katika kikapu kile kile anachonunulia nyanya dirishani, akakiteremsha kwa kamba mpaka usawa wa mlango wa karakana, waya wa umeme ukifuata nyuma. Maskati wakauona mlango. Kila mtu akaridhika, na kosa likawa hapo.

"Fundi, nini hiki?" aliuliza Bwana Wakil.

"Kikapu, Bwana."

"Hii ni miundombinu inayoning'inia."

"Basi nnaomba kibali."

"Fomu ipo mtandaoni. Unaijaza ukiwa ndani ya karakana, kwa intaneti ya karakana hiyo hiyo."

"Lakini karakana haina intaneti, Bwana. Ndiyo nnayoiomba!"

"Haraka haraka haina baraka," alisema Bwana Wakil, akapiga hodi nyumbani kwa fundi na kupanda ghorofani.

Kikapu kikavutwa juu na ruta yake ndani, kamba ikafungwa kwenye nondo za dirisha, na fundo likamwagiwa lakiri nyekundu, ile nta ya kupigia mihuri. Pembeni akabandika karatasi: "Lakiri hii haikatwi ila kwa amri ya Mkuu wa Kitengo. Kaimu hana mamlaka." Sentensi ya mwisho aliitia makusudi, ili Bodi ione uchungu wa kukaimu.

Bodi ikapelekewa nakala kwa mkono, ikaona. Ikamwita katika usaili wa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa njia ya mtandao. Bwana Wakil akavaa koti. Saa nne kasorobo akafungua kompyuta, haikupata kitu.

"Shemsa!"

"Naam," aliitika karani wake.

"Intaneti ya Kitengo iko wapi?"

"Iko juu kwa Bi Mashavu, Bwana. Umeipiga lakiri."

"Nnauliza ya Kitengo!"

"Ndiyo hiyo hiyo. Ya kwetu ilikatwa mwaka juzi. Tulikuwa tukila ya kikapu, ikitujia kwa dirishani."

"Mbona hukunambia?"

"Nilikuandikia barua pepe, Bwana. Ulisema taarifa zote zije kwa barua pepe."

Bwana Wakil alitoka mbio, kompyuta kifuani, akasimama chini ya dirisha.

"Shikamoo, Bi Mashavu!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo? Na yule mgonjwa wenu wa Chukwani?"

"Hawajambo, wote hawajambo! Ikate lakiri, Bi Mashavu!"

"Naogopa sheria, baba. Karatasi yasema mpaka Mkuu. Wewe ni Mkuu?"

"Ntakuwa Mkuu saa tano."

"Basi njoo saa tano."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu. Bi Mashavu, ambaye si mtu mbaya, akateremsha ndoo. "Niandikie, baba. Mie mtu wa maandishi."

Bwana Wakil akaandika: "Lakiri ikatwe. Wakil Ubwa, Mkuu." Hata katika haraka ile aliona raha kulisoma jina lake bila ya Kaimu. Ndoo ikapanda, mkasi ukalia, kikapu kikashuka. Akakaa barazani pa karakana, mgongo akaupa kichochoro, kompyuta magotini. Machano naye, ndani ya karakana, alikwishawapata Maskati na kuwaonyesha ua jipya.

"Bwana Kaimu," alisema Bi Saadiya, mwenyekiti wa Bodi, "tumesoma habari za kikapu. Lakiri ipo bado?"

Kikapu kilikuwa kinabembea nyuma ya kichwa chake.

"Ipo, Mheshimiwa! Na nasema mbele ya Bodi yako: siku itakapokatwa na asiye Mkuu, kikapu kipandishwe juu papo hapo, bila ya huruma!"

"Haya, nshasikia," ilisema sauti kutoka dirishani. Kamba ikaanza kuvutwa.

"Na hicho kinachopanda nyuma yako ni kitu gani?" aliuliza Bi Saadiya.

Bwana Wakil alifumbua mdomo, na picha ikaganda hapo.

Kumbukumbu za Bodi zinasema hivi: "Alipoulizwa ni kitu gani kinachopanda nyuma yake, msailiwa aliachama kwa dakika arobaini na hakujibu. Aendelee kukaimu."

Lakiri iliyokwisha kukatwa, kwa mujibu wa sheria, hairudishwi ila kwa amri ya Mkuu, na Mkuu hayupo. Kwa hiyo kila asubuhi, saa mbili, Bi Mashavu huchungulia dirishani na kuuliza kwa heshima zote.

"Wakil, mwanangu, ushakuwa Mkuu?"

"Bado, Bi Mashavu."

"Haya, nnakiteremsha."