Vita vya Bi Kaltuma na Meno ya Mzee Godhana

Sogeeni, enyi wenye masikio, sogeeni wenye meno nanyi mliobaki na ufizi, mjipange vizuri mkekani, kwani leo hasimuliwi kuku aliyeibwa wala ndama aliyepotea, bali vinasimuliwa vita vilivyopiganwa Garsen mwaka wa hamsini na saba, baada ya Mto Tana kufurika na kurudi ndani ya kingo zake. Vita visivyomwaga tone la damu, vilivyomwaga mate kidogo, na ambavyo jemadari wake alikuwa mwanamke mfupi mwenye leso mbili na goti moja bovu.

Jina lake Kaltuma binti Hiribae, mvukiza vibuyu vya maziwa, mtuliza mafahali, ambaye ng'ombe wenye pembe ndefu humpisha njiani na wanaume wenye ndevu ndefu hujifanya hawakumwona.

Binti yake Sadia alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, naye akaleta duniani pacha: Gure wa kiume na Madina wa kike. Siku ya saba ikaletwa tende. Mzee Godhana, mume wa Kaltuma, msemaji wa ukoo katika kila baraza kutoka Minjila mpaka Hola, akatafuna tende yake taratibu mbele ya watu, akaitoa kwa kidole, akampaka Gure kwenye kaakaa ili maisha ya mtoto yaanze kwa utamu. Kisha akachoka.

"Mama Sadia," akasema, "huyu wa kike malizia wewe."

Naye Kaltuma akamalizia, kwa tende yake na kwa meno yake sita aliyopewa na Mungu.

Meno ya Mzee hakupewa na Mungu. Alipewa na fundi wa Mombasa: safu nzima ya juu, meupe kama bakuli jipya, yenye ufizi wa rangi ya waridi ambao hakuna binadamu wa Garsen aliyewahi kuzaliwa nao. Yaliingia kinywani mwake miaka mitatu nyuma na tangu siku ile hayakutoka. Alikula nayo, akahutubu nayo, akalala nayo, na hakuna kiumbe aliyemwona bila hayo, hata mkewe.

Basi siku hazikuwa nyingi, jeshi jeupe likavamia vinywa vya wale pacha. Kwa Madina lilikuja kama mgeni mwenye adabu, utando mwembamba ulimini, siku tatu likaaga. Kwa Gure lilikuja kama jeshi la kuteka mji. Likatanda ulimi, likapanda kaakaa, likajipanga mashavuni kwa mabonge kama maziwa ya mgando, na ukiligusa kwa kitambaa, chini yake ni wekundu mbichi. Sasa, Sadia alikuwa amewagawia watoto maziwa yake ili wasigombane: ziwa la kulia la Gure, la kushoto la Madina. Gure akawa analidaka la kwake, anavuta mara moja, analiachia kwa kilio cha kupasua paa. Ziwa likajaa, likawa gumu, likachoma kama jiwe la jikoni. Mtoto akakonda mpaka ngozi ya mapaja ikafanya mikunjo kama ya mzee, na Sadia akaacha kumvua nguo mbele ya wageni.

Jaldesa, dresa wa zahanati, mfunga vidonda mwenye koti jeupe na subira ya punda, akatoa dawa ya zambarau. Ikapakwa. Adui akarudi nyuma, mtoto akanyonya siku mbili. Ikafika Ijumaa, na Mzee Godhana, aliyeapa kumrudishia mjukuu wake utamu kila Ijumaa, akatafuna tende, akapaka. Jumapili jeshi jeupe lilikuwa limerudi na ngoma zake. Hivyo mara tatu.

Ndipo akapita daktari wa safari, mwenye hadubini ndani ya sanduku la mbao. Akafika nyumbani kwa Kaltuma na vijiti vyenye pamba, akasugua kinywa cha kila mtu. Mzee Godhana alifungua chake kwa upana mkubwa, akidhani meno yake yanatazamwa kwa kusifiwa. Pamba zile zikapandwa kwenye visahani kule zahanati, na siku ya tano Jaldesa akamwita Kaltuma, akafunua viwili.

"Mama, hii ni chachu. Ndugu ya ile unayoumulia vitumbua, ila hii huishi vinywani mwa watu. Kisahani hiki ni cha kinywa chako, na cha Madina ni vivyo hivyo."

Kaltuma akainama. Akaona vidoa vilaini, vya mviringo, vimetulia.

"Na hiki?"

"Cha Gure."

Hapo vidoa vilikuwa vimekunjamana, vimeota ndevu pembeni, na ndevu zimechimba chini kama mizizi.

"Mbona si chachu moja?"

"Jina ni moja, Mama. Daktari anasema urithi ndio tofauti. Ukoo huu mpole, hukaa mdomoni mwa mtu maisha yake yote asijue. Ukoo huu wa Gure umerithi ukali, hutoa nyuzi na kutoboa nyama."

"Kama ng'ombe wa zizi moja," akasema Kaltuma. "Huyu anakamuliwa na mtoto, yule unamfunga miguu na bado anaipiga ndoo teke."

"Hivyo hivyo."

"Sasa huyu wa teke katoka zizi la nani?"

Jaldesa akakohoa. Akatazama mlango. Kisha akafunua kisahani cha tatu, na ndevu zilizokuwamo zingetosha kusukia kamba.

"Cha Mzee," akanong'ona. "Vimejificha chini ya yale meno, havioni jua, havioni maji. Mama, mimi nina watoto wadogo. Usiseme nimekuambia."

Kaltuma akajifunga leso ya pili kiunoni, akarudi nyumbani kwa mwendo wa majeshi, isipokuwa goti.

Shambulio la kwanza lilikuwa la hila. Akapika kashata, sukari akaiunguza makusudi mpaka ikanata kama ulimbo, akamwandalia mumewe vipande vinne, akakaa mkabala akingoja ngome idondoke. Mzee Godhana akasaga vyote vinne kwa mlio wa kinu, akalamba vidole.

"Mama Sadia, leo umepika. Hakuna vingine?"

Shambulio la pili likawa la maneno. Akamweleza yote: visahani, ndevu, koo mbili za chachu. Mzee akasimama, akashika fimbo yake kama yuko mbele ya wazee mia moja.

"Sikiliza, binti Hiribae. Mate haya yamebariki vizazi vitatu. Nimebariki wanaume wanaomiliki ng'ombe mia mbili. Leo waniambia kinywa changu ni shimo la maradhi, kwa ushahidi wa kisahani?"

"Naam, Baba Sadia. Yatoe nikayaoshe."

"Sitatoa."

"Waona haya? Miaka arobaini nimekuona kila namna Mungu aliyokuumba, na siku ya ndui nikakuosha kama maiti. Leo ufizi ndio utanishtua?"

"Baraza la Minjila ni Jumatatu. Wakiniona kibogoyo, nani atanisikiliza?"

Kaltuma akageukia mlango wa chumba. Kutoka chumbani kilisikika kilio cha Gure, chembamba, cha mtoto ambaye hana tena nguvu ya kukasirika. Sadia akatoka naye, kamlaza mkononi kama kitambaa, na sehemu ya kulia ya gauni lake imelowa maziwa yasiyo na mwenyewe.

"Mama," akasema, "leo hata hajajaribu."

Akarudi ndani. Mzee alikuwa anatazama ule mlango, fimbo imeshuka.

Hapo ndipo jemadari alipotoa silaha aliyokuwa hajui kama anayo.

"Baba Sadia, hao wenye ng'ombe mia mbili, uliwabariki lini?"

"Zamani. Mkubwa wao sasa ana mvi."

"Ulikuwa na meno ya Mombasa?"

Mzee akagusa mdomo wake wa juu.

"Hukuwa nayo. Na hakuna hata mmoja aliyeumwa ulimi. Basi baraka ilitoka kwako, si kwa fundi. Yeye ndiye aliyekuletea wapangaji."

Godhana, simba wa mabaraza, akageukia ukuta. Akatia vidole viwili kinywani. Akavuta. Ngome haikutikisika. Akavuta tena, macho yakamtoka, shingo ikakakamaa, hata Kaltuma akamshika mabega akasema "pole pole, Baba Sadia," na mara ukatoka mlio kama kizibo cha chupa, na meno yale yakatua kwenye bakuli la maji yakimcheka kila mtu.

Kaltuma akamgeuza kwa upole. Akachungulia. Kaakaa lote lilikuwa jekundu kama nyama ya buchani, na hapo akaelewa kwamba mzee huyu alikuwa akiumwa miaka mitatu bila kumwambia mtu.

"Liliwasha?"

"Kidogo," akasema Mzee, na neno likatoka na hewa nyingi.

Akamsugulia meno kwa sabuni na chumvi na mswaki wake mwenyewe, akayalaza ndani ya siki. Akampaka Mzee dawa ya zambarau kaakaa zima, akampaka Gure, akampaka Sadia chuchu zote mbili, mpaka nyumba nzima ikaonekana imevamia mti wa zambarau. Ijumaa Mzee alisoma dua akiwa kizingitini, tende akaimumunya mwenyewe.

Jumatatu akaenda Minjila bila meno, midomo ya zambarau, rangi ya kifalme. Jioni akarudi amenyooka.

"Wamekusikiliza?" akauliza Kaltuma.

"Mara mbili. Ya kwanza hawakuelewa."

Na iandikwe, na wajukuu wa wajukuu waambiwe, kwamba siku ya kumi na moja ya vita vile, saa nne asubuhi, Gure alilidaka ziwa la kulia, akavuta, akavuta tena, hakuachia. Akanyonya kwa mlio wa ndama mpaka jiwe likawa ziwa tena, na Sadia akalia bila kujifunika uso. Mashujaa wengine hujengewa minara. Kaltuma binti Hiribae alimchukua mtoto begani, akampiga mgongoni, akatunukiwa cheuo kikubwa, cheupe, cha moto, juu ya leso mpya kabisa. Naye akatoka nayo mpaka sokoni, hakuifuta.