Jini Apendaye Marashi

"Bi Barke, gari nalo hupagawa?" Jirani yangu Kache aliniuliza hivyo asubuhi moja, mwaka wa tisini na nane, nikikaanga mahamri kando ya kijiwe cha kahawa, mtaani Shika Adabu. Kabla sijamjibu, wanaume wa kijiweni wakadakia.

"Gari la Khamis limegoma tena leo!" alisema Tsuma Redio. "Akanyaga mafuta, lenyewe lanong'ona tu. Mara laruka kama mbuzi!"

"Lina jini, limekuja naye toka Dubai," akasema Abdillahi Tabibu, mganga wetu, akipuliza kahawa. "Nilimwambia amwage marashi pale penye pedali kila alfajiri."

Khamis mwenyewe alikuwa amejiinamia kwenye benchi. "Namwaga, wallahi, na lazidi. Kesho Salme wangu aolewa, na gari la bibi harusi ndilo hilo. Likizima njiani, nitachekwa hadi Mishomoroni."

"Niuzie mimi," Abdillahi akasema upesi. "Nitalichukua na jini wake. Twaelewana."

"Ndiyo maana humtoi!" akacheka Randu Spana, fundi.

"Nyamaza wewe!" Abdillahi akamkemea. "Wiki nzima watafuta kebo ya mafuta."

"Halina kebo! Pale kwenye pedali pana kidude cha umeme, ndicho kinachoiambia injini mguu umekanyaga kiasi gani. Jana nimekipima, kizima kabisa!"

Nikaepua mahamri. Kila alfajiri nikimaliza kumsomea Yasini marehemu mume wangu, humuona Khamis na chupa yake. Lakini jana sikumuona.

"Khamis mwanangu, jana ulimwaga?"

"La, mama. Chupa iliisha. Leo ndiyo nimefungua mpya."

"Na jana gari lilikwendaje?"

"Lilikwenda Kipevu likarudi bila..." Akaligeukia gari lake, lililosimama kando ya kijiwe.

Randu akaingia garini kichwa mbele, miguu nje. Akachomoa plagi ya kile kidude, akaikung'uta. Kijiwe kizima kikanukia marashi ya halwaridi.

"Jini huyo, Khamis! Kwanza uliliosha ndani kwa ndoo, likaanza vituko. Kisha Tabibu akakupa dawa ya kumnywesha! Plagi ikiroa, injini haijui mguu uko wapi. Ikikauka, akili yarudi."

"Marashi yana heri," akasema Abdillahi.

"Yana heri sana," nikamjibu. "Mwagia bibi harusi."

Randu akaikausha plagi, akairudisha. Khamis akawasha, akakanyaga. Gari likanguruma hadi vikombe vikatikisika. Akashuka na ile chupa, akamnyooshea Abdillahi.

"Haya, mchukue jini wako. Gari labaki."

Abdillahi akaitazama chupa. Akaitia mfukoni, akavaa makubazi yake, akaenda zake.