Mbuzi Hakimu wa Mlandege

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi ya Iringa imeingia mpaka kwenye meno. Kwenye banda langu la video watazamaji wawili, mmoja amelala. Mke wangu Mwamvita ametoa tamko: banda lisipojaa wiki hii, analigeuza stoo ya vitunguu vyake vya Ruaha Mbuyuni. Vitunguu! Humu ambamo mimi, Muharami, natafsiri filamu kwa maiki na kuigiza sauti za kike mpaka wanaume wazima wanalia!

Lakini Mungu si Athumani. Mwalimu Esnath analeta darasa la nne Ijumaa. Wamesoma kitabu cha mbuzi hakimu, yule anayesikiliza kesi ya wizi wa kabichi, kumbe kaila mwenyewe, na mwishowe anakiri huku analia. Sasa wanataka kulinganisha filamu zake mbili, ya katuni na ya watu. Nikamwambia ninazo zote. Ninayo ya katuni tu.

Jumanne, 5 Agosti

Ya watu anayo Jailos, mwenye banda la ng'ambo ya barabara. Kaleta salamu: tushirikiane, watoto waone katuni kwangu kisha wavuke kwake. Mjanja huyo! Wavuke wakaone viti vyake vyenye mito, halafu warudi kwenye mabenchi yangu? Nimekataa kistaarabu. Nimemwita mchawi mara moja tu.

Mbinu imenijia nikinywa uji. Filamu ya watu inahitaji nini? Watu. Shemeji Faraji yupo, hana kazi. Na mbuzi wa Mwamvita yuko uani, anatafuna bure.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Faraji ni karani wa mahakama, kavaa kanzu yangu. Mbuzi nimemvalisha tai. Kaila. Faraji anasema ni dalili mbaya. Hana jicho la sanaa, maskini.

Pazia la kuonyeshea limetoboka. Nimeazima shuka la harusi la Mwamvita, lenye maua pembeni. Sijamwambia, nisimsumbue.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamejaa! Mpaka madirishani! Nilifurahi nikasahau kuwasha maiki.

Kwenye katuni mbuzi halii kabisa, anaimba kisha anapaa. Watoto wakalalamika kwamba kitabuni hakupaa. Nikatafsiri kwamba anapaa kwa majuto. Hawakuridhika. Nikazima, nikatangaza filamu ya watu, ya kisasa mno, haihitaji hata umeme.

Faraji akamleta hakimu, na kabichi ya ushahidi. Nikasoma shtaka kwa sauti nzito. Hakimu akala ushahidi. Akala shtaka. Kisha akaligeukia shuka, akaanzia kwenye maua. Faraji akavuta, mbuzi akavuta, shuka likachanika katikati, na nyuma yake akatokea Mwamvita, aliyeingia kwa mlango wa uani kupima nafasi ya magunia. Watoto wakapiga makofi mpaka vumbi likashuka darini. Walidhani na yeye ni mwigizaji.

Mwalimu Esnath akawauliza tofauti. Wakajibu kwamba katuni inadanganya ila inachekesha, na hii yangu ni ya kweli mno, kwa sababu mbuzi hakukiri wala hakulia, aliyelia ni mwenye banda. Kisha wakavuka kwa Jailos, wote. Faraji naye kavuka, na kanzu yangu.

Nikamkumbusha Mwamvita kwamba banda lilijaa, ahadi ni ahadi. Kajibu kwamba anakubali lilijaa, na kesho litajaa tena.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa nimekalia gunia. Macho yananitoka machozi. Nitasema ni vitunguu, lakini ukweli naumia. Napapenda hapa.

Hata hivyo, habari njema! Nimekutana na Mwalimu Esnath sokoni. Kitabu kinachofuata ni cha malkia wa nyuki, na Jailos hana filamu yake! Nimeshampigia mzee Sedekia wa Kalenga, mwenye mizinga. Nimemuuliza jambo moja tu la msingi, kama nyuki hula mashuka. Kasema hawali.

Basi hakuna kitakachoharibika.