Pembe Mbili za Cherehani

Jumanne, 4 Machi

Leo nimemshinda wifi yangu! Niandike haraka kabla utamu haujaisha. Naandika katika daftari la vipimo la marehemu mume wangu, fundi cherehani, kwa maana karatasi ni karatasi, na ndimo alimonifundisha kuandika. Juu ya ukurasa huu kuna kiuno cha mwalimu mkuu: inchi arobaini na sita. Kila mwaka alilaumu kitambaa kwamba kimesinyaa.

Wifi kaja asubuhi na neno moja: anataka cherehani ya kaka yake. Ile ya kukanyaga, iliyo dirishani. Sikupandisha sauti. Nilimtegea. Nikamwambia, wifi, ama unajua kushona ama hujui. Kama unajua, ungekuwa na cherehani yako siku nyingi. Kama hujui, ya kaka yako utaifanyia nini? Kokote uendako, cherehani inabaki hapa.

Akakoroga chai iliyokwisha korogeka. Akaaga.

Mitego hii nimerithi kwa marehemu. Alikuja kwetu kupima mapazia, tepu shingoni, mimi msichana wa kujisikia. Akaniambia: kama unanipenda, olewa nami. Kama hunipendi, olewa nami upate nafasi ya kunikomesha. Ama hili ama lile, harusi.

Nilimkomesha miaka arobaini na mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Wifi karudi. Na yeye kaja na mtego wake! Kasimama mlangoni, hata viatu hajavua. Eti ama nashona ama sishoni. Kama nashona, nimwonyeshe nguo. Kama sishoni, cherehani haina kazi kwangu. Akaielekezea kidole: juu yake nimeweka chungu cha maua na redio mbovu. Tangu kaka yake azikwe, miaka minne.

Kiburi kikanijibia. Nikasema nashona, tena nashona gauni. Akasema vizuri, Jumamosi atakuja kuliona, na asipoliona, nje kutakuwa na mwenye mkokoteni.

Mdomo wangu huu! Marehemu alikuwa akisema ungefaa kushonwa, ila uzi hautoshi.

Alhamisi, 6 Machi

Mjukuu wangu yuko likizo. Chuoni anasoma mantiki, yaani jinsi ya kubishana bila kutukanana. Mwaka mzima kwa hilo tu! Nikamsimulia yote, mpaka posa ya babu yake. Akacheka, akasema mitego hii ina jina: hoja ya pembe mbili. Mwalimu wao huchora kichwa cha ng'ombe ubaoni. Ukikwepa pembe hii, inakuchoma ile. Ila kuna njia tatu za kujiokoa. Unaweza kupita katikati ya pembe, yaani uonyeshe kuna jambo la tatu ambalo mwenzako hakulitaja. Au uikamate pembe moja, uonyeshe kwamba hata ukiikubali haikuchomi. Au utengeneze pembe zako kwa mambo yale yale, umgeuzie.

Nikamwambia hayo babu yake aliyajua akiwa na pini mdomoni.

Akazidi. Akasema hata mtego wangu wa Jumanne una mwanya: labda wifi anaitaka cherehani kwa jambo lingine kabisa, si kushona. Nikamuuliza jambo gani, kupikia? Akasema na mtego wa babu ulikuwa na mwanya wa kupitisha mkokoteni. Ningemfungia mlango tu, basi. Ilikuwaje bibi mwenye akili zake akanaswa?

Nikamwambia: mjinga wewe, mwanya niliuona siku ile ile. Nani alikuwa anataka kupita?

Nikamtuma akaoshe masufuria.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeondoa chungu. Nimeondoa redio. Ndani ya droo kuna chaki yake, imelika upande mmoja, pale dole gumba lake lilipokaa. Nimeirudisha ilivyokuwa.

Kutunga uzi: saa nzima. Mjukuu kaomba kusaidia, nikamfukuza. Nilipotoka kunawa na kurudi, nikakuta uzi umeshatungwa. Sikuuliza. Mkono mmoja wa gauni nimeushonea shingoni. Nikafumua. Nikaushonea tena pale pale.

Lakini mlio! Zamani nilikuwa jikoni na kitambaa nakijua kwa sikio. Kaki ilienda polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Hariri ilikimbia. Kwenye kona alipunguza, akaguna kawimbo kake. Mlio ukikatika kwa muda, ujue kachoka, nami nabandika chai.

Leo uzi ukakatika, mlio ukakoma. Nikainuka kubandika chai. Nimefika mpaka jikoni, birika mkononi, ndipo nikakumbuka kwamba mshonaji ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi kafika. Mwenye mkokoteni kabaki nje. Wifi kalitazama gauni mbele, kaligeuza nyuma, kauliza kichwa kinaingilia wapi.

Nikapita katikati ya pembe. Nikasema sishoni, wala si kwamba sishoni. Akaniuliza kama nimekula. Mjukuu akajifunika uso. Nikajaribu kumgeuzia: wifi, ama unaondoka ama huondoki, na kama unaondoka... iliyobaki ikanitoka kichwani.

Basi nikaikamata pembe. Nikasema ndiyo, sishoni, macho yamekwisha. Lakini nani kakwambia asiyeshona hana kazi na cherehani? Jana nilikanyaga, na kaka yako alikuwa humu ndani mpaka uzi ulipokatika.

Wifi akatafuta kigoda, akakaa. Akasema naye hajui kushona, hata kifungo. Mama yao alipofariki yeye alikuwa mdogo sana, kaka ndiye aliyemlea. Alimlaza juu ya vipande vya nguo chini ya cherehani, akashona. Mpaka leo usingizi wake mzuri ni ule. Alitaka kuusikia mlio tu. Aliona haya kusema.

Sikutunga uzi. Nikakanyaga tupu, polepole, kama kaki. Akafumba macho. Nikafika kwenye kona ambayo haipo, nikapunguza.

Mwenye mkokoteni kaambiwa aende zake. Tumekubaliana wifi aje kila Jumamosi.

Mjukuu akaninong'oneza: umeona, bibi, mwanya ulikuwepo. Nikamwambia masufuria yamejaa.

Jumapili, 9 Machi

Chungu cha maua nimekishusha sakafuni, kitakaa huko. Kigoda nimekifuta, nimekisogeza dirishani, upande unaosikika vizuri.

Kisha nikatulia nikafikiri. Kila Jumamosi? Hivi hivi? Nimemtegea! Ama wifi anakuja kwa ajili ya cherehani, ama anakuja kwa ajili yangu. Kama ni cherehani, alete mafuta ya kuilainisha. Kama ni mimi, alete sukari. Kokote aendako, haji mikono mitupu!

Mjukuu akauliza: na kama anakuja kwa ajili ya babu?

Nimemwambia asinivurugie. Pembe ni mbili. Ng'ombe wa pembe tatu sijamwona tangu nizaliwe.