Yah: Misuli Iliyochelewa Kufika

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa, Mfamasia,

Natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima, ila kwa ukubwa ule ule, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Miezi mitatu iliyopita vipimo vilionyesha nimepungukiwa vitamini D, jambo lisilomshangaza yeyote anayetunza mafaili katika chumba kisicho na dirisha. Ulinipa vidonge, ukasema vitasaidia misuli. Ulisema na mengine kuhusu jua na mazoezi, lakini wakati huo nilikuwa nimeshaanza kufurahi. Nimemeza kila asubuhi bila kukosa, na sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nilifungulia mkono wangu wa kulia faili lake, nikawa naupima kila Jumatatu kwa utepe wa fundi cherehani. Faili lina kurasa kumi na tatu. Zote zinasema sentimita ishirini na saba.

2. Kwa kukuamini, nilimpelekea fundi mashati manne apanue mikono. Ameipanua kweli. Sasa nikinyoosha mkono kuomba kalamu, shati linabaki nyuma.

3. Nilitangaza ofisini kwamba kabati la chuma nitalihamisha peke yangu, na bosi akawaruhusu wapagazi waende zao. Kabati limekwama mlangoni hadi leo. Tunaingia kazini kwa ubavu, bosi akiwemo, na yeye ni mnene.

4. Hili ndilo linaloniuma. Juzi mtungi wa gesi ulifika, nikakunja mikono ya shati. Dada yako akaniambia kwa upole kabisa, "Mwachie jirani aubebe, baba watoto, usije ukaumia bure." Angenitukana ningelala usingizi. Upole ule umenimaliza.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ama unipe vidonge vya misuli yenyewe, ama uhamie kwetu uwe unabeba vitu hadi mikono yangu ikomae. Nakala ya barua hii ipo kwenye faili la mkono.

Nisalimie wote nyumbani, hasa mama mkwe, ila habari za mtungi asizipate.

Wako mnyonge,
Shemeji yako, Mtunza Mafaili

N.B. Naongeza haya nikiwa mlangoni kwako, ghorofa ya nne. Lifti imeharibika. Mara ya mwisho dada yako alinisukuma mgongoni kuanzia ghorofa ya pili, na tukapumzika mara tatu. Leo nimepanda peke yangu, sijashika hata ukuta, na pumzi ya kulalamika bado ninayo. Vidonge vimeisha, naomba vingine. Dada yako usimwambie lolote; hili la ngazi nataka alione mwenyewe.