Mtoto Mpya wa Dada Pindo

Tangazo lenyewe lilikuwa la mistari minne, limebandikwa kwenye geti la shule kwa gundi iliyozidi, na mtu wetu alilisoma akiwa nyuma ya wazazi wawili waliokuwa wakilisoma kwa mara ya tatu. Mwalimu mkuu aliwataka wazazi wote waweke udhibiti kwenye programu ya meseji wanayoitumia watoto wao, kwa kuwa watu wasiojulikana wameanza kuwaandikia. Udhibiti unawekwaje, tangazo halikusema. Na mtu wetu, alipoona mama mmoja akimeza mate na baba mmoja akijifanya ameelewa, alisikia riziki ikimwita.

Siku hiyo alikuwa bado anaitwa Bwana Mionzi, kwa sababu ya vikaratasi vya kung'aa alivyouza vibandikwe nyuma ya simu ili mionzi isipande kichwani. Kufika Jumatatu, mionzi ilikuwa imesahauliwa. Alikuwa na kadi zenye picha ya kufuli, shati jeupe na sauti ya mtu aliyetoka kwenye mkutano mzito. Mtaa mzima ukaanza kumwita Kufuli, na yeye akaitika.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi mpaka aibu. Udhibiti huo umo ndani ya programu tangu mwanzo, bure, na mzazi akitulia dakika tano anauweka mwenyewe. Simu ya mtoto inatoa kimraba chenye vidoti, simu ya mzazi inakipiga picha, mzazi anachagua namba ya siri, basi. Kuanzia hapo mtu asiyejulikana akimwandikia mtoto, ombi linakwenda kwanza kwa mzazi. Ujanja wa Kufuli ulikuwa mdogo kama tundu la sindano: kimraba kilipigwa picha na simu yake yeye. Mzazi alikuwa anaangalia pembeni, au anatafuta miwani, au anamkaripia mtoto. Kwa hiyo mtoto akitaka kuongezewa mjomba au rafiki wa darasani, ilibidi mzazi arudi kwa Kufuli na kumlipa tena.

Ndivyo bwana huyu ambaye hajaoa, hajaposa, na mtoto wa watu akilia karibu yake huhama kiti, alivyojikuta baba wa watoto ishirini na tisa.

Hakukosa malalamiko. Msusi mmoja alimfuata mpaka kwenye kibanda cha chai, mikono bado ina mafuta ya nywele.

"Kaka, bibi yake hampati mtoto wiki ya tatu sasa. Mama yangu yuko mbali, mgonjwa wa miguu, furaha yake ni kuzungumza na mjukuu. Kila akipiga anaambiwa hajulikani."

"Mfumo haumjui, dada."

"Mimi namjua. Amenizaa."

"Naelewa," alisema Kufuli kwa huruma ya kukodi. "Lakini kumfungua bibi ni huduma nyingine. Bibi si kifurushi cha kawaida."

Msusi akafuta mikono kwenye aproni, akaondoka. Kufuli alidhani ameshinda.

Sasa, mwalimu mkuu alipopata habari kwamba kuna mtaalamu mtaani, alimwalika aje kuzungumza na wazazi ukumbini, Jumamosi saa nne. Wazazi mia nne. Kufuli alipiga hesabu kichwani akakosa usingizi wa mchana. Wakijiunga nusu yao tu, ataufunga mtaa huu mkobani na kuhamia mji mwingine kabla hawajaanza kuulizana. Kasoro ilikuwa moja. Shati jeupe linatosha kumdanganya mzazi mmoja sebuleni, ila wazazi mia nne wanataka suti.

Fundi wa suti aliyesifiwa na wote alikuwa Dada Pindo, mwanamke mfupi, mkimya, mwenye utepe wa kupimia shingoni saa zote kama daktari na kifaa chake. Chumba chake kilikuwa na cherehani mbili, kioo kirefu chenye ufa, na daftari la vipimo lililovimba kwa kushikwashikwa. Kufuli aliingia Jumatano na tabasamu lake lote.

"Dada yangu, nasikia una binti."

"Ninaye. Ana miaka kumi na moja. Simu haimtoki mkononi."

"Unalala vipi, dada yangu, na dunia ilivyo?"

Dada Pindo aliuma uzi kwa meno. "Kwa shida," alisema.

Walielewana upesi kuliko Kufuli alivyozoea, na jambo hilo lingemshtua mtu asiyejipenda sana. Yeye atamfungia binti yule simu. Dada Pindo atamshonea suti ya kijivu iwe tayari Jumamosi asubuhi. Fedha haikutajwa. Kisha fundi akavua utepe shingoni.

"Usijisumbue," alisema Kufuli, akivuta tumbo ndani. "Kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na nne, mkono ishirini na nne. Vipimo vyangu havijabadilika tangu nimalize shule."

"Nyanyua mikono," alisema Dada Pindo. Alipitisha utepe, akausoma, akauachia, akaandika daftarini. Hakubisha. Fundi mzuri habishani na mteja kuhusu tumbo lake.

Ijumaa alasiri Kufuli alirudi kwa majaribio ya kwanza. Kwa wasiomjua Dada Pindo, huo ndio utaratibu wake usiovunjika: nguo haimaliziwi mpaka mwenyewe aivae ikiwa nusu, imeshikizwa kwa pini, asimame mbele ya kioo. Kufuli alivishwa koti lisilo na mkono mmoja, lina pini ubavuni, mgongoni, kwapani. Akiinama anachomwa, akigeuka anachomwa. Ikabidi asimame wima kama nguzo ya umeme.

"Binti amechelewa kutoka shule," alisema Dada Pindo, akipiga magoti kwenye pindo la suruali. "Lakini mtaalamu, mimi sikabidhi kitu kisichojaribiwa. Nguo unaijaribu mwilini mwako. Na hilo kufuli nataka nilione kwanza kwenye simu yako."

"Kwangu? Mimi ni mtu mzima, dada."

"Ni majaribio tu. Likishika mpaka kesho asubuhi, nitaamini. Lisiposhika, koti linabaki na mkono mmoja."

Kufuli alijitazama kiooni. Hata likiwa nusu, koti lilimkaa vizuri ajabu. Alimwona mtu wa maana ndani ya kile kioo chenye ufa, mtu ambaye wazazi mia nne wangemsikiliza, na moyo wake ukalainika. Kufuli la kuwekwa na kutolewa, lina madhara gani? Akatoa simu polepole, kwa tahadhari ya pini. Akagusa palipoandikwa "Mimi ni mtoto". Ikamuuliza umri, akaandika kumi na moja. Kisha yakaja maandishi mengi, madogo, yaliyojaa kioo cha simu kuanzia juu mpaka chini.

Tunyamaze kidogo hapa kwa heshima. Mtu huyu alikuwa amekula miezi miwili kwa jasho la watu wasiosoma maandishi madogo. Basi naye, bila kuyasoma, akabonyeza "Nakubali".

Dada Pindo alitoa simu yake kwenye mfuko wa aproni, akapiga picha kimraba, akaanza kubofya kwa kidole kimoja, taratibu.

"Inataka namba sita za siri."

"Weka yoyote." Alijaribu kuchungulia, pini ya kwapani ikamrudisha mahali pake.

"Nisije nikasahau. Naweka vipimo vyako. Kifua, kiuno, mkono."

Kufuli nusura acheke. Mwanamke huyu anamtajia namba mwenyewe. Thelathini na nane, thelathini na nne, ishirini na nne, hata akiwa usingizini anaijua. Akaondoka akipiga mluzi, na jioni ile hakushangaa simu yake ilipokaa kimya. Aliona watu wanajiandaa kwa ajili ya kesho.

Asubuhi suti ilikuwa imeachwa kwa fundi viatu wa mlango wa pili, na kikaratasi kimeshikizwa kwa pini: "Imeshika. Nimetangulia." Kufuli aliivaa pale pale nyuma ya kabati la viatu. Ilimkaa kama alizaliwa nayo. Hata kiunoni hakuhitaji kuvuta pumzi.

Ukumbini alitia fora. Alizungumza kuhusu hatari mpaka akina mama wakawashika watoto ambao hawakuja nao. Alinyanyua kidole, alishusha sauti, alinyamaza panapotakiwa kunyamaza. Mwalimu mkuu, aliyekaa mbele na miwani puani, alitikisa kichwa kwa kukubali mara sita.

"Sasa, wazazi wangu, toeni simu. Niandikieni neno KINGA kwenye programu ile ile ya meseji, kwa namba hii hapa ubaoni. Nitawahudumia mmoja mmoja."

Vidole mia nne vikaandika. Kufuli alisimama na simu kiganjani, akingoja itetemeke. Haikutetemeka. Ilikuwa kimya kama tofali.

Baba mmoja wa safu ya pili alikunja uso. "Mtaalamu, imenijibu hivi: Ujumbe wako unasubiri idhini ya mzazi wa mtoto huyu."

"Hata mimi," alisema mama mmoja. "Mtoto gani?"

"Yangu imeandika ana miaka kumi na moja."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele safu kwa safu. Na hapo ndipo simu ilipoanza kuita kutoka safu ya tatu. Tring. Tring, tring. Ikawa mfululizo, haikomi, mpaka Dada Pindo akaitoa kwenye aproni na kuitazama bila haraka.

"Ni kwangu," alisema, akasimama. "Samahani, mwalimu mkuu. Mwanangu anatafutwa na watu wengi, na kama mlivyofundishwa sasa hivi, sitaki azungumze na nisiowajua."

Kando yake aliinuka mwanamke mwingine, mwenye aproni yenye mafuta ya nywele, na Kufuli akamtambua. Walikuwa na pua moja, kidevu kimoja. Msusi na fundi walikuwa ndugu, tumbo moja.

"Jana jioni simu ya mwanangu iliniletea taarifa," alisema msusi kwa sauti ya kusikika kote. "Eti mzazi aliyeunganishwa naye amesajiliwa kuwa mtoto, na mtoto hawezi kuwa mzazi, tumtafutie mzazi mwingine. Nani mwingine aliipata?"

Mikono ikanyanyuka. Kufuli hakuwa na haja ya kuihesabu. Ishirini na nane.

Hivyo ndivyo yale maandishi madogo yalivyokuwa yanasema. Alianza kurudi nyuma kuelekea mlango wa pembeni, akitabasamu bado, maana tabasamu lake lilikuwa na mazoea ya kuondoka mwisho. Dada Pindo alikuwa ameshafika mbele. "Wazazi, ni dakika tano, na ni bure," alikuwa akisema. "Mimi nimejifunza kwake mwenyewe akiwa na pini kwapani. Anzeni hapa kwenye mipangilio."

Kwenye ujia, Kufuli aliegemea ukuta na kutoa simu. Wateja wake wote, mipango yake, watu wake wa mji mwingine, vyote vilikuwa mle ndani. Akaandika namba ya siri: thelathini na nane, thelathini na nne, ishirini na nne.

Namba si sahihi. Umebakiwa na nafasi mbili.

Akaandika tena kwa makini, kidole kikitoka jasho. Si sahihi. Nafasi moja.

Mlango ulifunguka, Dada Pindo akatoka. Alimtazama kuanzia kola mpaka viatu, jicho la kazi.

"Mwanangu, unaondoka bila kuaga?"

"Dada, umenidanganya. Ulisema vipimo vyangu."

"Na ndivyo. Suruali inakubana?"

"Hapana."

"Kiunoni?"

"Imekaa vizuri kabisa," alisema Kufuli, kwa uchungu.

"Basi ujue sikuikata kwa thelathini na nne." Akamwekea sawa kola iliyokunjika. "Nilichopima kiko kwenye suti. Mwulize mwili wako, utakuambia."

Kufuli aliangalia chini. Kiuno kilikuwepo, kipana, kimetulia ndani ya suruali ya kijivu bila kuonea haya. Yeye ndiye aliyeona haya. Miaka yote aliwadanganya watu wengi, ila mmoja, yeye mwenyewe, alimdanganya kila asubuhi mbele ya kioo, na huyu aliamini kuliko wote. Alipiga moyo konde. Akakubali kukiongezea kiuno inchi mbili, na hata hizo zilimuuma. Akaandika thelathini na sita.

Akaunti imefungwa, isipokuwa kwa walioruhusiwa na mzazi. Itafunguliwa na mzazi, au mtoto atakapotimiza miaka kumi na tatu.

"Miaka miwili," alisema kwa sauti ndogo.

"Watoto wanakua haraka," alimjibu Dada Pindo. "Suti ni yako, tulipatana. Na usiseme nimekutupa bila mtu wa kuzungumza naye. Nimekuruhusia mmoja."

Akarudi ukumbini. Simu ikaita mkononi mwa Kufuli, kwa mara ya kwanza tangu jana. Alipokea kwa pupa, kama mtu aliyetupiwa kamba.

"Haloo," alisema.

"Ni wewe Kufuli?" iliuliza sauti ya kikongwe, isiyo na haraka hata kidogo. "Mimi ndiye yule bibi asiyejulikana. Kaa kitako, mjukuu wangu. Nina maneno ya wiki tatu."