Yai Haliingii Nyumba Hii

Jumapili, 5 Aprili

Nyumba hii ina mtu mmoja tu mwenye fikra za kisayansi, na mtu huyo anaambiwa akaoshe vyombo.

Jana Bosi alitoka vipele. Bosi ni mtoto wa dada yangu. Ana miezi sita na kitu, na wiki hii ndiyo ameanza kula. Dada alimpa nini? Ndizi, papai, na yai lililopondwa na kiazi. Vyote siku moja, vyote kwa mara ya kwanza, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amekuja na dada hakutaka kuonekana mama asiyejua kulisha. Muda si mrefu mdomo wa Bosi ukazungukwa na mabaka mekundu, na mashavu yakatoka vipele kama ameng'atwa na mbu. Sasa mkosaji ni nani kati ya watatu? Hakuna ajuaye. Unaingiza wageni watatu kwa mpigo halafu unashangaa nani kaiba kijiko.

Mama mkwe huyo nimempa jina la Bibi Kuku, humu ndani ya shajara tu. Anafuga kuku na kila akija anakuja na trei ya mayai. Shemeji, mwanawe, ni dereva wa lori na yuko safarini. Bibi Kuku aliviangalia vipele akasema ni joto. Wanawe walikula kila kitu na hakuna aliyetoka hata kipele kimoja. Kisha akasema jambo lililonikata maini: dada anarudi kazini Jumatatu ya tarehe 13, kwenye karakana ya kushona sare, na kama kufikia hapo hatujui mtoto anadhurika na nini, yeye atamchukua akae naye mpaka akizoee chakula. Dada hakukataa. Mama alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Hawajui wanachokitoa. Shuleni mimi nakaa nyuma kabisa. Nikiulizwa swali, sauti inanitoroka. Lakini kila jioni nambeba Bosi begani, shavu kwa shavu, namsomea jiografia kwa sauti kubwa, naye hutulia mpaka mwisho wa sura. Ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kunisikiliza kuhusu mmomonyoko wa udongo. Na huyo ndiye wanataka kumpeleka bandani.

Nitamtafuta mkosaji mwenyewe.

Jumatatu, 6 Aprili

Dada amempeleka Bosi kliniki. Muuguzi anaonekana kuwa mtu wa maana. Amesema huenda ni mzio. Vyakula vyote vitatu visimame mpaka ngozi itulie, abaki na maziwa ya mama na uji mtupu. Baadaye papai na ndizi virudi kimoja kimoja, kidogo, asubuhi, na kila kimoja kipewe siku zake kabla ya kingine kuingia. Yai lisijaribiwe nyumbani kabisa. Midomo ikivimba au akihema kwa shida, mbio hospitali, hakuna kusubiri.

Nimeliongezea agizo hilo nguvu kidogo. Nimetangaza kwamba yai haliingii kinywani mwa mtu yeyote nyumba hii. Mama ameuliza yeye kakosa nini. Nimemweleza kuhusu mikono, vijiko na makombo. Mama amesema amezaa mkoloni. Dada, shukrani kwake, amesema acheni tujaribu. Bibi Kuku, ambaye amehamia chumba cha wageni mpaka Jumatatu, ameniita mama mdogo kwa sauti ya kuniita kitu kingine. Ameuliza kama mama mdogo anataka na kuku wake wafunge midomo.

Imebaki trei nzima jikoni. Inaniuma. Mimi si mtu wa kutupa chakula.

Na kuna jambo jingine, la binafsi. Ijumaa natakiwa kusimama mbele ya darasa kueleza mmomonyoko wa udongo, na chunusi zimeniota shavu la kushoto kama zinafanya mkutano. Gazeti la zamani la saluni linasema dawa ni ute wa yai: unapaka, unaacha ukauke, unafuta kwa kitambaa. Nimetafakari sana. Nilichokataza ni kula. Kupaka si kula. Kesho naanza, na trei itakuwa imepata kazi.

Jumanne, 7 Aprili

Ajabu na aibu.

Asubuhi Bosi alikuwa safi kama sahani mpya. Siku nzima uji na maziwa ya mama. Nimerudi shule, nimejifungia chumbani na ute wangu, uso ukakaza mpaka nikashindwa kutabasamu (sikuwa na sababu), nikafuta, nikatoka kumchukua Bosi. Nimemsomea milima yote. Tulipofika kwenye volkano akaanza kujikuna. Shavu la kushoto: vipele.

Yai hakuna aliyekula. Basi nani kamlisha?

Nimewapanga wote sebuleni na kuomba kunusa vinywa. Mama alikataa. Dada alikubali, ana harufu ya chai tu. Bibi Kuku alifungua kinywa chote, akanipulizia, akauliza kama nimeona na figo.

Namshuku. Ana sababu. Mayai yakionekana mabaya, yeye ndiye anayeaibika.

Jumatano, 8 Aprili

Leo tena. Shavu lilelile, saa zilezile za jioni. Mtu huyu anafanya kazi kwa ratiba.

Nilimwomba dada asimwache Bosi na Bibi Kuku hata dakika moja. Dada ameapa hakumwacha. Amesema Bibi Kuku alishinda amelala, tena kwa kukoroma. Ni ujanja. Mimi mwenyewe nimewahi kukoroma hivyo ili nisitumwe dukani.

Dada alimpaka Bosi mafuta, akakaa naye kitandani. Baadaye akasema pengine kweli aende kwa bibi yake, hewa ya kule ni nzuri, pengine ni nyumba hii. Nimemwambia nyumba haina kosa, kosa lina miguu miwili na linavaa miwani. Dada amesema nichunge mdomo wangu, yule ni mkwe wake.

Nimekasirika mpaka nimepaka ute mara mbili.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimepekua mkoba wa Bibi Kuku. Naandika hili bila majuto, kwa kuwa upelelezi hauna simile.

Alikuwa uani anaanua nguo. Nilikuta: pipi za mnanaa, dawa ya kuku ya minyoo, picha ya Bosi aliyoikata kwenye picha ya familia (mimi nimekatwa kiwiko), na soksi ndogo za kufuma, moja imekwisha, nyingine bado. Yai hakuna. Hata ganda.

Nilipogeuka alikuwa mlangoni na kapu la nguo. Hakufoka. Aliuliza kama soksi zinanitosha. Kisha akakaa kitandani, akasema kule kwake nyumba ni kubwa na kuku hawajui kuitikia salamu, ndiyo maana anafuma. Nikamkunjia nguo mbili. Hilo si jambo la kawaida kwangu, lakini safari hii maneno yake yaliniuma.

Hata hivyo jioni Bosi alitoka vipele tena, kwa hiyo huruma nimeiweka kando.

Ijumaa, 10 Aprili

Siku mbaya kuliko zote. Nilisimama mbele ya darasa. Nilisema neno "udongo". Nikasema tena "udongo". Mwalimu akauliza umefanyaje. Sauti ikawa imekwishafika nyumbani.

Nimerudi sikutaka kuuona uso wangu, sembuse kuupaka. Nimemchukua Bosi hivyohivyo, macho yamevimba, nikamweleza mmomonyoko wote tangu mwanzo, mvua, mteremko, matuta, kila kitu. Alisikiliza. Alinishika pua.

Na ngozi yake? Safi. Mpaka analala, safi kabisa.

Ushahidi umekamilika. Jana nimempekua, leo kaogopa, leo hakuna vipele. Kesho tunarudi kliniki wote, na nitamuumbua mbele ya muuguzi. Nitavaa gauni la bluu. Nitapaka uso asubuhi, ili nionekane mtu wa kuaminika.

Jumamosi, 11 Aprili

Nisingependa kuandika lolote leo. Ila shajara ni shajara.

Tulikaa kwenye benchi la kliniki: mama, dada, Bibi Kuku, na mimi nimembeba Bosi begani. Tulipoitwa, shavu lake lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu. Nikasema, kwa sauti ya kutosha, kwamba kuna mtu anamlisha mtoto huyu yai kwa siri na mtu huyo yuko humu chumbani.

Muuguzi hakuuliza ni nani. Aliuliza vipele vinatoka wapi. Dada akasema shavuni, la kushoto. Mdomoni? Hapana, isipokuwa ile siku ya kwanza. Saa ngapi? Jioni. Jioni anakuwa na nani? Wote wakanitazama. Na jana, siku ambayo hakutoka? Na mimi vilevile, nikasema, na nikaona nimejibu vizuri.

Muuguzi akasogea. Akaniangalia karibu na sikio, akanyoosha kidole, akabandua kitu chembamba kinachong'aa kama ganda la kitunguu. Akauliza, binti, hiki ni nini?

Nilieleza tofauti kati ya kula na kupaka. Nilieleza vizuri, kwa sentensi kamili, na sauti haikunitoroka hata kidogo. Siku moja tu ambayo ningefurahi itoroke.

Bibi Kuku alicheka mpaka akashika meza ya dawa. Alisema wiki nzima ananuswa kinywa, kumbe kiota kiko usoni kwa mama mdogo. Mama alificha uso kwenye mtandio. Dada hakucheka. Alimchukua Bosi kutoka begani mwangu, taratibu, na hapo nikajua nimempoteza.

Muuguzi alimsafisha Bosi shavu, akatukalisha tusubiri, vipele vikashuka. Akasema dalili zote zinaonyesha yai. Ameandika barua ya hospitali wakampime vizuri. Papai aanze kesho asubuhi, akilivumilia, ndizi ifuate. Dada akauliza kwa sauti ndogo kama basi mtoto ahamishwe. Kabla muuguzi hajajibu, Bibi Kuku akasema ahamishwe aende wapi, kwenye banda la kuku? Yeye mwenyewe anashika mayai kila siku ya Mungu. Mtoto akae hapahapa. Yeye ndiye atakuja, mikono mitupu. Alisema hivyo akitazama sakafu, na hakucheka tena.

Dada ameniwekea sharti: uso wa sabuni na mikono ya sabuni kabla ya kumgusa. Nimekubali. Bosi amebaki.

Jumapili, 12 Aprili

Bibi Kuku ameondoka na mayai yake yaliyosalia. Ameniachia pipi za mnanaa. Ameniambia nikitaka kumpekua tena nibishe hodi.

Bosi amekula papai. Amekula jingine kwa macho. Ngozi safi.

Hakuna aliyenishukuru. Nani aliyesema tangu mwanzo kwamba ni yai? Nani aliyelipiga marufuku? Na bila ute wangu, tungejuaje kwamba kugusa tu kunatosha kumdhuru? Nimefanya utafiti kwa uso wangu mwenyewe, na malipo yangu ni kuitwa kiota. Mama ameniita hivyo mara mbili leo, tena mbele ya jirani.

Muuguzi alisema maziwa ya ng'ombe Bosi bado hajayaonja, na yeye atatuambia lini ajaribishwe mtindi. Mama amenunua mtindi wa kula sisi wakubwa, upo jikoni, chupa imejaa.

Chunusi bado zinakutana, sasa mashavu yote mawili. Nimelifungua tena gazeti la saluni, ukurasa unaofuata. Nimepitia maagizo ya muuguzi neno kwa neno, na ya dada pia. Nimekatazwa yai. Mtindi haukutajwa popote.

Nimepaka shavu la kulia tu, kwa tahadhari. Bosi namlaza kushoto.